Hesabu ya Jani

Mkanda wa kapu ndio uliogundua.
Si daktari, si mimi niliyesomeshwa kwa kilo za chai,
ni mkanda, pale unapokatiza kifuani,
asubuhi ya ukungu, Katumba,
ulipokuta kitu kigumu
kama kokwa ya parachichi changa.

Mama alinyamaza miezi minne.
Mvua ya Tukuyu haina likizo, na jani halimsubiri mtu.
Aliponiambia, alicheka kidogo:
"Kikulacho ki nguoni mwako, Sekela.
Wahenga hawakuwa na mzaha."

Mimi niko Mbeya, chini ya Loleza,
katika chumba kisicho na dirisha.
Ndani ya kabati lenye nyuzi thelathini na saba,
joto la kwapa la mama,
nalea seli za titi la mwanamke
aliyefariki kabla sijazaliwa.
Nazilisha. Nazibadilishia maji
kama mtu anayebadilisha nepi.
Mwenyewe alishazikwa; seli zake hazijapata habari.
Moja mbili, mbili nne,
hazijui kutosheka, hazijui jioni.

Nikachukua jani la mama.
Nikalikausha, nikalisaga, nikaliloweka katika spiriti
hadi ukabaki unga wa rangi ya tofali,
ule uchungu wenyewe unaokausha ulimi.
Nikadondosha. Nikasubiri siku mbili.

Jamani, zilipungua.
Kwenye hadubini lilikuwa shamba lililopigwa na mvua ya mawe:
hii imejikunja, ile imepasuka,
nyingine imesimama tu,
imesahau ilichotaka kufanya.
Nilihesabu mara tatu.
Mara ya tatu sikuona kitu, lenzi ilikuwa imelowa.

Na kosa langu ni hili: nilipiga simu.

Ijumaa nilipofika nyumbani
birika lilikuwa halishuki jikoni.
Kikombe cha tisa, bila sukari, bila maziwa.
Mama Gwantwa alikwishaeneza hadi mnadani:
jani la Sekela linaua kansa.
Kadi ya hospitali ya rufaa
imelala ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani,
tarehe ya dripu imepita kwa siku kumi na moja.

Nikavuta kigoda. Nikatafuta lugha.
Chuoni haya husemwa kwa namba;
kwa mama, namba ni kilo.

"Mama, ile sahani ni ndogo kama kizibo.
Haina ini la kulichuja jani,
haina damu ya kulizungusha na kulipoteza njiani.
Zile seli nilizimwagia uso kwa uso.
Kwako, ili lifike na nguvu ile,
ungekunywa pipa kabla jua halijazama,
na ini ndilo lingetangulia kukataa.
Hata jiki inaziua, mama. Hata moto.
Kuua ndani ya sahani si kazi.
Kazi ni kumbakiza mwenye titi."

Akatazama mistari ya kijani inavyoshuka bondeni.
"Kwa hiyo miaka thelathini na moja
nimechuma kitu cha bure?"

"Sijasema bure. Kuna kitu mle.
Hakijajua njia ya kukufikia."

"Basi kifundishe njia," akasema.
"Ila mimi nisiwe sahani yako."

Jumatatu, kiti cha tatu kutoka ukutani,
dawa isiyo na rangi inaingia mshiponi,
tone, tone, nami nahesabu, ndiyo mazoea.
Muuguzi anatuambia, huku akirekebisha sindano,
kwamba hii nayo asili yake ni gome la mti,
mti wa ng'ambo, na ilichukua miaka na miaka
watu kujua kiasi gani kinaponya
na kiasi gani kinazika.

Mama akafungua jicho moja.
"Kumbe nayo ni mti."
Akafikiri.
"Ila huu umekwenda shule."

Kisha akadai termosi. Maziwa, sukari mbili.
Akaninywesha mimi kwanza
kwa mkono wake wenye kucha nyeusi za utomvu,
na hesabu ya matone ikanipotea.